Mtoto Hashitakiwi kwa Ndoto

Kuna mahubiri ambayo hapa Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yamekwisha kuwa ya kawaida, tena yanatolewa kwa uhakika wa mtu anayesoma tangazo la serikali. Yanasema kwamba dunia hii tunayoiona ni kivuli. Kwamba ulimwengu wenyewe, ule unaoamua nani augue na nani apone, nani aolewe na nani akae, ni ule wa usiku. Na kwamba ndoto ndiyo mlango wake. Zamani mhubiri alitosheka na ushuhuda wa dada aliyefunguliwa vifungo. Siku hizi analeta shahidi mwingine, filamu. Anauliza vijana ni nani amemwona Leonardo DiCaprio akiingia katika ndoto za watu, na mikono inainuka ukumbi mzima, maana Inception ya Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2010, bado inatembea kutoka simu hadi simu na sauti zake za Kifaransa. Kisha linafuata neno lenyewe: hata wazungu wamekiri kwamba maisha haya ni ndoto tu. Watu wanaitika amina.

Amina hiyo mimi siiitikii. Filamu haisemi wanachodai inasema. Injili inasema kinyume chake kabisa. Na fundisho lenyewe, likishatoka madhabahuni na kufika nyumbani, linawaangukia watoto.

Nianze na filamu, kwa kuwa ndiyo iliyoitwa shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Cobb, anayechezwa na DiCaprio, ni mwizi wa siri: anamlaza mtu, anaingia katika ndoto yake, anatoka na kile mtu anachokificha. Tajiri wa Kijapani, Saito, anampa kazi ya kinyume: apande wazo ndani ya Robert Fischer, mrithi wa kampuni kubwa, mpaka mwenyewe aamini kwamba ameamua kwa akili yake kuivunja mali ya baba yake. Risasi, magari, korido ya hoteli inayogeuka juu chini, hayo vijana wanayajua vizuri kuliko mimi. Lakini moyo wa hadithi ni mke wa Cobb, Mal, na huyo wahubiri wetu hawamtaji kamwe.

Cobb na Mal walishuka ndani ya ndoto hadi pasipo na chini tena. Walikaa humo kama miaka 50 kwa hesabu ya ndoto, wakajenga mji wao, wakazeeka pamoja. Mal akapenda kubaki, akachagua kusahau kwamba amelala. Ili amtoe, Cobb alimpandia wazo moja tu: dunia yako hii si ya kweli. Wazo likashika. Wakajilaza kwenye reli, treni ikawapitia, wakaamka. Ila wazo halikubaki kule. Mal aliamka nalo. Akawatazama watoto wake wawili waliokuwa wakimwita mama, akaona sanamu. Akaamini kwamba watoto wake wa kweli wako kwingine, wanamngoja aamke, na kwamba njia ya kuamka ni kufa. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao alijirusha kutoka dirisha la hoteli. Cobb alishukiwa kumwua, akakimbia kutoka Marekani, na watoto wakabaki kwa bibi yao, wakiuliza kwenye simu baba atarudi lini.

Filamu nzima ni mateso ya mtu aliyemwambia mkewe kwamba dunia yake si ya kweli. Ndilo kosa lake, ndiyo hatia inayomfuata katika kila ndoto anayoingia. Sasa mhubiri anasimama mbele ya vijana mia mbili na kuwapandia wazo lile lile, akilitaja kama mafunuo, huku akiiita filamu hiyo shahidi wake. Shahidi huyo, ukimsikiliza mpaka mwisho, anashuhudia dhidi ya mhubiri.

Kuna sehemu nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuikumbuka. Cobb anakwenda Mombasa, na huko anakutana na mkemia aitwaye Yusuf. (Mombasa hiyo ilipigwa picha Tangier, Morocco, na mtu wa Pwani ataona mara moja kwamba si kwao.) Katika chumba cha chini cha Yusuf wamelala watu kama kumi na wawili, wameunganishwa kwa mirija. Wanakuja kila siku. Cobb na wenzake wanashangaa watu hawa kuja kulala. Mzee anayewatunza anawasahihisha: wanakuja kuamshwa, kwa sababu ndoto ndiyo imekuwa maisha yao, na nani atawaambia vingine?

Chumba hicho tunacho. Tunakiita mkesha. Sisemi juu ya kila mkesha, maana nimekesha nikiomba na watu wa Mungu tangu ujana na sitaacha. Nasema juu ya ile inayofanyika kila juma ambapo mtu haji kuomba, anakuja kufasiriwa. Analeta ndoto, anapewa maana, anarudi nyumbani kuota tena, analeta nyingine. Mama mmoja anayeuza samaki wakavu sokoni alinionyesha daftari la mwanawe. Upande mmoja zilikuwepo hesabu za darasa la nne. Upande wa pili, kwa mwandiko wa mama, ndoto na tarehe zake: nilikula nyama, nilivuka maji machafu, nilimwona marehemu dada ananiita. Kando ya kila ndoto, kwa kalamu nyekundu, mhubiri alikuwa ameandika jina la aliyedaiwa kuwa mlozi. Shemeji. Jirani. Mke mwenza. Na mahali pamoja, jina la mtoto wa marehemu dada yake, mtoto anayelala kwenye mkeka mmoja na wanawe.

«Pasta alisema ule mutoto ndiye alinipa nyama mu ndoto,» alisema. «Na mimi nilikula.»

Nilimwuliza kama siku ile alikuwa amelala njaa. Akanyamaza kidogo, akakubali.

Nabii Isaya, sura ya 29, anazungumza juu ya mtu mwenye njaa anayeota kwamba anakula, na akiamka tumbo lake ni tupu, na mwenye kiu anayeota anakunywa, na akiamka bado koo limekauka. Isaya alilichukulia jambo hilo kuwa linajulikana na kila mtu, akalitumia kueleza jambo lingine kubwa zaidi. Hakuwahi kufikiri kwamba ingehitajika kuwathibitishia watu wa Mungu kwamba nyama ya ndotoni haishuki tumboni. Sisi tumefika mahali inahitajika.

Wanaolitetea fundisho hili hukimbilia kwa Paulo, Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya nne, kwamba vinavyoonekana ni vya muda na visivyoonekana ni vya milele. Ni andiko la kweli na linafariji. Lakini Paulo anasema vinavyoonekana vinapita, hasemi ni vya uongo. Mama yangu alipita, hakuwa ndoto. Mvua za mwaka jana zimepita, na mahindi yake tumekula. Mtu anayeliondoa jambo la kweli kwa sababu tu lina mwisho atayaondoa maisha yote ya Yesu, ambayo hayakuzidi sana miaka 30 na ushei. Paulo mwenyewe, katika waraka huo huo, anahesabu fimbo alizopigwa, meli zilizovunjika, njaa, baridi na uchi. Hakuna mahali anaposema mapigo yale yalikuwa kivuli.

Vijana wengine hunitajia Matrix, ya mwaka 1999, ambamo dunia yote ni uongo uliotengenezwa na mashine ili watu wasijue kwamba wamefungwa. Nakubali, filamu hiyo iko karibu zaidi na mahubiri ninayoyapinga. Kwa hiyo ndiyo isiyofaa kabisa kuwa katekisimu. Dunia ya Matrix imeumbwa na adui. Dunia ya Mwanzo, sura ya kwanza, imeumbwa na Mungu, akaitazama siku baada ya siku, akaona ni njema.

Wala si mara ya kwanza Wakristo kusikia kwamba mwili ni sura tu. Mapema katika karne ya pili, Ignasio wa Antiokia, akipelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari ili auawe, aliwaandikia Wakristo wa Smirna dhidi ya watu waliosema Kristo aliteseka kwa kuonekana tu, wala hakuteseka kweli. Hoja yake ilikuwa rahisi, na ilitoka kwa mtu mwenye minyororo: kama Bwana aliteswa kwa kuonekana tu, basi na mimi nimefungwa kwa kuonekana tu. Tena aliwatazama watu hao kwa matendo yao, akaona hawamjali mjane, wala yatima, wala mwenye njaa. Aliliona hilo mapema hivyo: anayedharau mwili wa Kristo hachelewi kuudharau mwili wa yatima.

Luka anasimulia kwamba Yesu aliyefufuka alipowatokea wanafunzi wake, walidhani wanaona roho. Hakuwaambia wafunge macho waingie rohoni zaidi. Aliwaambia waguse mikono na miguu yake, na walipokuwa bado wanasitasita kwa furaha, akaomba chakula. Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Yohana anaongeza asubuhi ya ziwani: moto wa makaa ulikwisha kuwashwa, samaki juu yake, na mkate. Kila mtu wa Kamina anajua moto wa makaa na samaki ni kitu gani. Samaki wetu wanatoka maziwa ya Upemba, wanapitia Bukama, wanafika hapa wakavu ndani ya vikapu, na harufu yao inamjulisha mtu mwenye njaa kwamba yuko macho. Bwana wa ulimwengu, baada ya kushinda kifo, alichagua kujulikana kwa harufu hiyo. Anayetuhubiria kwamba kilicho halisi kiko usiku tu, anahubiri Bwana mwingine.

Sasa nije kwenye hoja yao iliyo na nguvu, maana siwezi kuipita pembeni. Biblia imejaa ndoto. Yakobo na ngazi yake, Yusufu na miganda, Farao na ng'ombe, Danieli. Mathayo peke yake, katika sura mbili za mwanzo, ana ndoto tano, nne za Yusufu mume wa Mariamu na moja ya mamajusi, na karibu na mwisho iko ile ya mke wa Pilato. Nani basi anayethubutu kusema Mungu hasemi kwa ndoto?

Sisemi hivyo. Nasema: zitazame zinafanya nini. Katika ndoto ya kwanza Yusufu anaambiwa asimwache Mariamu na mimba yake. Mamajusi wanaonywa wasirudi kwa Herode, aliyekuwa akimtafuta mtoto amwue. Yusufu anaambiwa amchukue mtoto na mama yake akimbilie Misri. Kisha anaambiwa arudi. Kisha anaonywa apite Galilaya badala ya Yudea. Ndoto zote tano zina kazi moja: kumlinda mtoto mmoja. Hakuna hata moja inayomtaja mtu kuwa adui kwa kuwa sura yake imeonekana usiku. Herode anajulikana kwa amri zake. Na Mathayo anaonyesha kila mara Yusufu akiinuka na kutii. Njia ya Misri ilikuwa na vumbi la kweli, na mtoto alibebwa kwa mikono. Weka ndoto hizo karibu na zile za daftari la mama wa sokoni, ambazo zinamtoa mtoto nje, na useme kama zinatoka kwa Mungu mmoja.

Iko pia habari ya Petro katika Matendo, sura ya 12. Yumo gerezani, amefungwa kwa minyororo kati ya askari wawili, na malaika anamwamsha. Anatoka akidhani anaona maono. Wanapita zamu ya kwanza na ya pili, lango la chuma linafunguka lenyewe, wanafika barabarani, malaika anaondoka. Hapo ndipo Petro anapozinduka na kujua kwamba lile lililotendeka ni la kweli. Yeye, mtume, alikuwa amelipa tendo la Mungu daraja ya chini, akaliita maono. Luka anatuonyesha kwamba lilikuwa kubwa kuliko maono, kwa sababu lilikuwa halisi. Na barabara ile ikamfikisha kwenye nyumba ya Mariamu mama yake Yohana Marko, ambapo watu walikuwa wakimwombea, na hawakuamini mtumishi aliposema yuko mlangoni. Walikuwa tayari kuamini ni malaika wake kuliko kuamini ni yeye mwenyewe anayebisha. Makanisa yetu mengi yamo bado ndani ya nyumba ile. Petro anabisha, nao wanafasiri.

Kwa upande mwingine Torati, katika Kumbukumbu la Torati 13, inaagiza mwota ndoto apimwe kwa anakowapeleka watu, hata kama ishara yake imetimia. Yeremia 23 anawakemea manabii waliokuwa wakisimuliana ndoto na kuziita neno la Bwana. Ndugu zetu Wakatoliki wanaye na Yoshua bin Sira, ambaye katika sura ya 34 anamfananisha anayeshikilia ndoto na mtu anayeukimbiza upepo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Maandiko yameiachia ndoto nafasi bila mlinzi.

Najua jibu linalofuata, kwa sababu nimeambiwa usoni: wewe umesoma sana, umekuwa mzungu, Mwafrika anaheshimu ndoto. Jibu hili linanikera kuliko mengine yote, kwa kuwa linawasingizia wazee wetu. Kilumbu, yaani mwaguzi wa Baluba, aliitikisa mboko yake, kibuyu cha uaguzi, mbele ya aliyekuja kuuliza. Vitu vidogo vidogo ndani ya kibuyu vilijipanga, na mwenye shida alikuwa hapo, anaona, anaulizwa, anajibu. Mimi ni Mkristo na siendi kwa kilumbu. Lakini ukweli ni kwamba shauri lake lilikuwa na macho mawili au zaidi juu yake. Ndoto ya mtu mmoja, ikifasiriwa na mtu mmoja, haina hata jicho moja lililo wazi.

Wala Ukristo wa Katanga haukuanza jana kufikiri juu ya ndoto. William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika nchi ya Baluba, mwaka 1915, na kazi yao ndiyo mzizi wa Upentekoste wa eneo hili. Burton aliwaombea wagonjwa, tena alisikiliza imani za Baluba kwa miaka mingi kiasi cha kuandika kitabu kizima juu ya dini na uganga wao, kilichochapwa mwaka 1961. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuishi na Baluba, aliandika Falsafa ya Kibantu mwaka 1945, kisha miaka ya 1950, kule Kolwezi, ikazaliwa Jamaa kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao. Katika Jamaa ndoto ilikuwa na uzito mkubwa. Mwanazuoni Johannes Fabian aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1966. Ila ndoto ile haikubaki mali ya aliyeiota. Ilisimuliwa kwa waliomtangulia katika safari ya imani, ikatazamwa kwa mafundisho ya uzima, uzazi na mapendo, na kipimo chake kilikuwa maisha ya mume na mke nyumbani, mchana. Baadaye baadhi yao, walioitwa Katete, walishutumiwa kuyapotosha mafundisho, na maaskofu wakaingilia kati. Wazee wa Jamaa wangali wanakumbukwa katika miji ya reli na migodi. Wangeambiwa kwamba Mwafrika wa kweli anamfukuza yatima kwa sababu ya ndoto, wangeuliza hilo ni pendo gani.

Kuna wachungaji wanaoniambia: sawa, lakini ulozi upo, na shetani yupo. Tuseme upo. Tuseme kila wanachosema juu ya shetani ni kweli, kwamba ni baba wa uongo, kwamba anajigeuza malaika wa nuru, kwamba anaweza kuvaa sura ya yeyote. Wao wenyewe wanalihubiri hili. Basi sura ya mtoto niliyoiona katika ndoto yangu inathibitisha nini juu ya mtoto? Kama mwongo anaweza kuvaa sura yoyote, sura haina ushahidi wowote. Kadiri unavyoamini zaidi nguvu za shetani usiku, ndivyo unavyopaswa kukataa zaidi kumhukumu mtu kwa yale ya usiku.

Hoja hii si yangu. Mwaka 1692, kule Salem, Massachusetts, Wakristo waliosoma Biblia kuliko wengi wetu walikubali mahakamani ushahidi wa watu waliosema wameiona sura ya jirani ikiwajia na kuwatesa. Watu 19 walinyongwa. Mzee mmoja aligandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Msichana wa miaka minne au mitano, Dorothy Good, aliwekwa gerezani kwa minyororo miezi kadhaa. Aliyesaidia kukomesha jambo hilo hakuwa mtu asiyemwamini Mungu. Alikuwa mchungaji, Increase Mather, aliyeamini kabisa kwamba wachawi wapo. Oktoba mwaka ule alitoa maandishi akisema shetani anaweza kuonekana katika sura ya mtu asiye na hatia, na kwamba ni heri washukiwa kumi waponyoke kuliko mmoja asiye na kosa kuhukumiwa. Gavana akazuia ushahidi wa aina hiyo, na mashtaka yakaanguka. Mwaka 1697 mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya wote huku ungamo lake likisomwa. Imepita miaka zaidi ya 300. Sisi hatuna haja ya kulipia somo hilo mara ya pili, kwa watoto wetu.

Lakini tunalilipia. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 juu ya watoto wa mitaani wa nchi yetu ilieleza jinsi watoto wanavyoshutumiwa ulozi, wanavyofungiwa makanisani, wanavyonyimwa chakula na maji, wanavyopigwa ili wakiri. Reli inayopita hapa Kamina inatoka Lubumbashi na kuelekea Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, na mtoto aliyefukuzwa kwao anajua stesheni iko wapi. Anayeshutumiwa mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea: yatima, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani, mwenye akili za haraka mno. Tazameni majina katika madaftari. Hamtaona mtoto wa mkuu wa stesheni. Hamtaona mtoto wa mtoa sadaka kubwa.

Na wakati jina linatafutwa usiku, ugonjwa unafanya kazi yake mchana. Mwaka 2017 polio ilizuka katika jimbo hili la Haut-Lomami, ugonjwa unaosambaa kwa kinyesi na maji machafu, na unaopata njia pale watoto wengi hawajapata matone ya chanjo. Surua iliyoanza mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto wadogo. Malaria ya kichwani inamfanya mtoto aweweseke na kutaja vitu visivyokuwepo, na familia inayoamini ndoto inayaandika maneno yale kuwa ungamo. Kila saa inayotumiwa kumtafuta mlozi ni saa ambayo mgonjwa hajafika kituo cha afya. Hili nalo ni la kweli, linaonekana, linahesabika, na tutaulizwa juu yake.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto ulozi. Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaweka adhabu: kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, na faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000. Sheria haimuulizi mshutumu kama alikuwa macho au amelala.

Narudi kwa filamu mara ya mwisho, kwa ajili ya vijana. Mwishoni Cobb anafika nyumbani. Ana pia ndogo ya kuzungusha, iliyokuwa ya Mal; akiizungusha na isipoanguka, atajua bado anaota. Anaizungusha mezani. Kisha anawasikia watoto, anaiacha, anawaendea. Picha inakatika kabla hatujaona kama itaanguka, na watu wamebishana juu ya pia ile kwa zaidi ya miaka kumi. Nolan, akizungumza na wahitimu wa Princeton mwaka 2015, alisema Cobb hajali tena pia ile, kwa kuwa yuko na watoto wake. Akawaambia pia wahitimu kwamba hataki kuwahimiza wafuate ndoto zao, wafuate uhalisia wao. Mtengenezaji wa filamu amesema hivyo kwa kinywa chake. Mhubiri asimtumie tena kusema kinyume.

Kijana unayeongoza kikundi cha kanisa, ukiionyesha filamu hii, iache iende mpaka mwisho, kisha uliza swali moja: nani alimwua Mal? Ninyi wachungaji wa Kamina, Wametodisti, Wapentekoste, Wakatoliki na wa makanisa ya uamsho, akija mtu na ndoto yenye jina la mtoto, kataeni saa ile ile, kwa sauti, mbele ya watu wale wale waliosikia jina likitajwa. Kisha mrudisheni mtoto nyumbani kwa miguu yenu wenyewe, mwambieni mwenye nyumba kwamba kanisa halina shtaka juu ya mtoto, na kama ana homa mpelekeni hospitali kabla ya kuomba, au huku mkiomba. Anayekataa kufanya hivyo, na anayejua mtoto amefungiwa mahali kwa sababu ya ndoto ya mtu, msimwonee haya wala msimfiche: shauri lake lipelekwe polisi na mahakama ya watoto, mchana.